Kuungana na Kuunganishwa: Haki ya Jirani Mji Unapokua

Katika somo la vitenzi mwalimu huwafundisha wanafunzi wake tofauti iliyopo baina ya kuungana na kuunganishwa. Wawili wanaoungana ni watendaji wote wawili; kila mmoja amenyosha mkono wake. Ama wanaounganishwa, hao wametendewa na mwingine, na huenda hawakuulizwa. Tofauti hii ya viambishi, ambayo mwanafunzi huiandika daftarini na kuisahau, imebeba swali la maadili ambalo twapenda kulitazama hapa. Mji mkubwa unapokua na kuifikia miji midogo iliyo pembeni mwake, una haki gani ya kuichukua iwe sehemu yake? Na jirani anayechukuliwa, ana haki gani ya kukataa?

Wako wanaolijibu swali hili kwa haraka. Baadhi husema kwamba maendeleo hayana mpaka, na kwamba kijiji kinachozuia mji usipanuke chajinyima mema. Wengine husema kwamba mji ni chatu, na kazi ya chatu ni kumeza. Majibu yote mawili yana chembe ya kweli, wala hayatoshi. Ili tusibishane hewani, na tuutazame mji wa Kampala, ambao mambo yake yanatufunza pande zote mbili za shauri hili.

Mwezi wa Desemba 1890, Frederick Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, alijenga boma juu ya kilima kisichokuwa mbali na Mengo, alipokuwa na enzi Kabaka Mwanga. Kutokana na mwanzo huo ikakua miji miwili iliyotazamana. Mmoja ni Kampala, mji wa wakoloni na wa maduka, wenye viwanja vilivyopimwa. Wa pili ni Kibuga, makao ya Kabaka, uliokuwa chini ya serikali ya Buganda, na ambako baada ya Mapatano ya mwaka 1900 ardhi ilikuwa ya mailo, yaani milki ya wenyewe kwa hati. Katika miaka ya 1950 wanazuoni Aidan Southall na Peter Gutkind waliichunguza mitaa ya Kisenyi na Mulago, iliyokuwa upande wa Kibuga, na mwaka 1957 wakatoa kitabu juu yake. Humo waliishi watu wa makabila mengi waliokuja kutafuta riziki, wakipanga vyumba vilivyosongamana. Twaweza kusema kwamba Kampala ilizitumia nguvu za watu hao mchana, na Kibuga kikaachiwa kazi ya kuwalaza usiku. Kodi ya biashara ilibaki upande mmoja, na shida ya makazi ikabaki upande wa pili.

Hapo ndipo yanapopata nguvu maneno ya wale waliotaka miji hiyo iwe mmoja. Maji hayajui mpaka. Bonde la Nakivubo hukusanya maji ya vilima vya pande zote na kuyapeleka katika ziwa Victoria, kwenye ghuba ileile ambayo mji huteka maji yake ya kunywa kule Ggaba. Maradhi nayo hayaombi ruhusa ya kuvuka barabara. Lau kila upande ungechimba mfereji wake na kuuishilizia mpakani, uchafu wa mmoja ungekuwa balaa la mwingine. Jifya moja haliinjiki chungu, na mji unaogawanyika hivyo wahitaji shauri moja. Hilo hatulipingi.

Lakini tuangalie namna jambo lenyewe lilivyotendeka. Mwezi wa Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote yalilishambulia na kuliteka Lubiri, kasri la Kabaka, naye Mutesa II akakimbilia uhamishoni. Katiba ya mwaka 1967 ikazifuta falme zote. Mwaka uliofuata, 1968, mipaka ya Kampala ikapanuliwa, ikazitia ndani Mengo, Kawempe, Nakawa na sehemu nyinginezo, hata mji ukawa na eneo linalokaribia kilomita za mraba 200. Huenda kila hoja ya maji, barabara na afya ilikuwa sahihi siku hiyo. Hata hivyo, aliyepaswa kuketi upande wa pili wa meza hakuwapo tena. Kiti chake kilikuwa kimevunjwa kabla ya mazungumzo.

Msomaji huenda akauliza: kama matokeo ni mema, yadhuru nini namna yalivyopatikana? Swali hili ni zito. Jibu letu ni kwamba aliyeunganishwa bila kuulizwa haachi kuuliza. Falme zilirudishwa mwaka 1993, na swali lililozimwa mwaka 1968 likarudi pamoja nazo: Kampala ni ya nani? Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yaliandika kwamba mji huo umo Buganda, lakini utaendeshwa na Serikali Kuu. Sheria ya mwaka 2010 ikaunda mamlaka mpya ya mji, na wakati wa kuitunga wazo la kuusogeza mpaka tena lilipingwa vikali na upande wa Buganda. Isitoshe, mpaka waweza kuhamishwa kwa siku moja kwa kalamu, ila hati za ardhi hazihami kwa wepesi huo. Hata leo sehemu kubwa ya ardhi ya mji ni mailo, na barabara mpya yabidi kwanza ipige hodi kwa mwenye hati. Ridhaa isiyoombwa mwanzoni huombwa baadaye, nayo huwa ya bei kubwa zaidi.

Baada ya kusema hayo, ni lazima tuwe waadilifu kwa mji pia. Haki ya jirani ya kukataa si haki isiyo na kikomo. Mtu ambaye choo chake chachafua kisima cha mwenziwe hawezi kujikinga kwa kusema kwamba ua ni wake. Wala mji mdogo hauwezi kula matunda ya soko la mji mkubwa, ukatumia barabara na hospitali zake, kisha ukakataa kila jambo la pamoja kwa jina la mila. Ujirani ni deni la pande mbili.

Na deni hilo haliishi pale mji unapoacha kupanuka. Hili, kwa maoni yetu, ndilo ambalo wengi hawalioni. Mwaka 1996 Kampala ilifungua jaa lake kubwa la taka huko Kiteezi, nje ya mpaka wa mji, katika sehemu ambayo leo ni wilaya ya Wakiso. Hapana aliyeinyakua Kiteezi; wakazi wake waliachwa na mamlaka yao wenyewe. Lakini takataka za mji ziliwafikia kila siku, zikarundikana hata zikawa kilima. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, kilima hicho kiliporomoka, kikafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Waliolala chini ya uchafu huo wengi hawakuwa raia wa mji ulioutupa. Walikuwa jirani zake tu, wasio na diwani hata mmoja katika baraza lake.

Basi mpaka waweza kudhulumu kwa kusogezwa, na waweza kudhulumu kwa kutosogezwa. Mwaka 1968 Kampala ilitwaa watu pasipo ridhaa yao. Baada ya mwaka 1996 iliwapa watu mzigo wake pasipo kuwapa sauti. Kosa katika hali zote mbili ni moja, nalo ni kumfanyia jirani shauri asilokuwa na neno ndani yake. Kwa hiyo wanaobishana juu ya mahali pa kuupitisha mstari katika ramani wanaacha swali la kwanza, nalo ni hili: nani anawajibika kwa nani?

Iko njia ya tatu baina ya kumeza na kutelekeza, nayo ni mkataba. Katika jimbo la Michigan, huko Marekani, sheria ya mwaka 1984 yaruhusu mji na jirani yake kukubaliana kwa maandishi kwamba kipande fulani cha ardhi kihamie mamlaka ya mji kwa ajili ya mradi wa maendeleo, kwa muda usiozidi miaka 50. Mapato ya kodi yaweza kugawanywa baina yao, na mkataba hueleza ardhi itakuwa ya nani muda ukiisha. Wakati mkataba unaendelea, mji haurusiwi kukinyakua kipande hicho kwa njia nyingine. Hatusemi kwamba sheria ya ugenini yafaa kupandwa kwetu kama mche, kwani ardhi zetu zina historia yake. Lakini fikra iliyomo yatufaa. Mkubwa amekubali kujifunga kamba mbele ya mdogo.

Kampala nayo yaihitaji fikra hiyo. Hesabu ya mwaka 2014 ilikuta mjini watu wapatao milioni 1.5, na Wakiso, wilaya inayouzunguka, karibu milioni 2. Jirani amekuwa mkubwa kuliko mwenye mji. Sheria ya mwaka 2010 yenyewe iliona kwamba upangaji wa makazi na barabara hauna budi kuzihusisha Wakiso, Mukono na Mpigi. Yatakiwa wanaoketi kupanga wawe wanaungana, kila mmoja angali na uwezo wa kusema la, na mzigo uandikwe katika ukurasa uleule wa faida.

Sisi walimu hatuchori ramani wala hatutungi sheria. Lakini watakaozitunga wameketi leo madarasani mwetu. Tutakapofika tena kwenye somo la vitenzi, tusiridhike mwanafunzi atakapotaja kiambishi kwa usahihi. Tumwulize: katika sentensi hii, nani ametenda, nani ametendewa, na je, aliulizwa?