Mkono na Kipimo

Katika kisiwa cha Kamange na Sarahani, msomaji wa shairi akizidisha silabi moja juu ya zile 16 za mshororo, waliokaa naye barazani hugeuza shingo kabla ubeti haujesha. Sikio limekwisha kuhukumu. Hata hivyo malenga mwenye sikio la kusifika, akiingiwa na shaka usiku mbele ya karatasi yake, huhesabu mizani kwa vidole, na hapana anayesema kwamba vidole vimelivunjia sikio heshima.

Fundi wa magari naye ana mizani yake, na kwake jambo ni zito zaidi, kwa kuwa ubeti uliokosewa haumwui mtu. Katika gereji za Chake Chake, Wete na Mkoani, nati za gurudumu hukazwa kwa nguvu ya mkono. Mkono usipotosha, mpini wa spana huvikwa kipande cha bomba, au fundi husimama juu yake kwa mguu mmoja. Ipo spana nyingine, yenye kupima nguvu ya kukaza. Huwekwa kiasi kinachotakiwa, kisha hulia “tak!” kiasi hicho kinapofikiwa. Conrad Bahr, aliyefanya kazi katika idara ya maji ya New York, anatajwa kuwa ndiye aliyeibuni mnamo 1918, ili bolti za mabomba zisikazwe kupita kiasi. Zile za bei nafuu ndizo anazozimudu fundi wa kawaida. Je, akiinunua, ameukana mkono wake? Na asipoinunua, anamwambiaje mwenye gari “nenda salama”?

Hoja ya mkono isidharauliwe. Mkono uliofundishwa tangu utotoni, kwa kufungua na kufunga, unajua bolti iliyokaa sawa na bolti iliyoanza kulegea ndani ya aluminiamu kabla hesi hazijalika. Elimu hiyo haimo katika kitabu chochote, na anayeicheka hajawahi kushika spana. Ila mkono una siku zake. Mkono wa saa mbili asubuhi si mkono wa saa kumi na moja jioni mwezi wa Ramadhani, na mkono wa mtu aliyetoka kugombana haukazi kama mkono wa mtu mtulivu. Tena, mkono hutambua watu. Gari ya mkubwa hukazwa kwa uangalifu. Gari ya abiria yenye haraka, iliyojaa wachumaji karafuu, hukazwa upesi. Abiria wale hawajui lolote juu ya mkono huo wala hawakuulizwa kama wanauridhia. Wameketi tu.

Hapa ndipo spana inapofanana na pishi. Pishi ni vibaba vinne kwa tajiri na kwa maskini, na Waislamu wa kisiwani wanaijua vyema Sura ya Al-Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo. Kwa kawaida onyo hilo hufikiriwa dukani na sokoni. Nati iliyolegezwa kwa uvivu nayo ni kibaba kilichopunjwa, na nati iliyokazwa kwa kusimamiwa na mguu si ukarimu, maana skrubu iliyovutwa kupita kiasi hurefuka na siku moja hukatika.

Lakini kipimo nacho kina ujinga wake. Katika nguvu inayotumika kukaza bolti, takriban asilimia 10 tu ndiyo inayokwenda kubana; iliyobaki huliwa na msuguano, chini ya kichwa cha bolti na ndani ya hesi. Hesi zikiwa na kutu, na kutu ndiyo mgeni wa kudumu wa kisiwa, spana italia “tak!” na gurudumu bado halijabanwa. Zikipakwa oili pasipotakiwa, spana italia na bolti imekwisha kuumia. Spana haijui lolote kati ya haya. Mkono unaosafisha hesi kwa brashi, na jicho linaloitazama nati kabla haijafungwa, ndivyo vinavyoipa spana haki ya kusema.

Katika kuchagua, ile ya mshale, isiyo na springi ndani, mara nyingi ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa fundi asiye na fedha ndiyo bora: haina kilichofichika, na mshale ukiacha sifuri hupindwa ukarudi mahali pake. Inataka tu jicho liutazame mshale kutoka juu moja kwa moja. Anayependelea ile inayolia aangalie kwamba vipimo anavyovitumia kila siku viko katikati ya alama zake. Kwa Toyota nyingi ndogo, nati ya gurudumu hutakiwa nguvu ya nyutoni-mita 103, yaani kama kilo 21 zilizoning'inizwa kwenye ncha ya mkono wa nusu mita. Spana ifikayo 200 inafaa hapo. Haifai kwa bolti ndogo za injini zinazotaka 10 au 15. Huko chini husema uongo.

Wala haitakiwi kuaminiwa kwa sababu ya boksi lake. Dumu la lita 20 lililojazwa maji hupimwa kwenye mizani ya duka; tuseme ni kilo 21. Kichwa cha spana hubanwa kwenye jiliwa, mpini ukiwa umelala sawa, na dumu huning'inizwa taratibu katikati ya mshikio. Ikiwa hapo ni sentimita 40 kutoka kitovu cha kichwa, nguvu ni 82. Spana ikilia ilipowekwa 78 na ikanyamaza ilipowekwa 88, yatosha kwa kazi ya magurudumu.

Baada ya hapo ni adabu tu. Isitumike kufungulia nati. Isivikwe bomba. Isilowekwe petroli, maana grisi ya ndani huyeyuka. Ifutwe chumvi ya pwani kwa kitambaa kikavu. Ikisha kulia, mkono uache kuvuta. Ikianguka sakafuni, irudi kwenye dumu. Jioni springi ilegezwe hadi alama ya chini kabisa, isipitishwe hapo.

Na nati za gurudumu lililotolewa na kurudishwa hukaguliwa tena baada ya kilomita 80 hadi 100. Kisiwani umbali huo hauzidi safari ya Mkoani hadi Konde na kurudi. Dereva hulalamika, abiria wa safari nyingine wamekwisha kupanda, na fundi amechuchumaa kando ya tairi, spana mkononi, anaanza na nati ya juu, kisha ile inayoikabili.