Kusafisha Karabai ya Mtu Mwingine

Je, kazi ambayo hakuna mwanadamu atakayeiona ina uzito gani mbele za Mungu? Wengi wetu kanisani tutajibu upesi kwamba ina uzito uleule, kwa kuwa Mungu huona sirini. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimsaidii sana mtu aliyeketi uani saa tatu usiku, mikono ikinuka mafuta ya taa, akijiuliza kama aifungue tena taa aliyokwisha kuifunga. Nitalichukua swali kutoka huko uani, maana huko ndiko linakouma.

Wasomaji wa mbali wanivumilie nieleze kidogo. Baadhi ya wavuvi wetu wa Simbo hufanya kazi katika vyombo vya watu wengine, vinavyotia nanga kwenye mialo kama Ujiji na Katonga. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga. Wazee wa zamani waliwasha kuni mtumbwini na kuteka dagaa kwa wavu wa lusenga. Baadaye zikaja karabai na vipe, yaani vyombo viwili vilivyofungwa pamoja na wavu mkubwa katikati. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa hauna nguvu tena juu ya maji, na vipe hupumzika siku kadhaa. Hizo ndizo siku za kushona nyavu na kuziba mitumbwi, na ndizo siku karabai zilipokuwa zikibebwa nyumbani kusafishwa.

Karabai kwa nje ni kitu cha kawaida, ila ndani ina mambo. Chini kuna tangi la mafuta na pampu. Hewa unayoishindilia huyasukuma mafuta yapande kwenye bomba jembamba, na bomba hilo hupashwa moto kwanza kwa spiriti. Mafuta yakifika huko yanageuka mvuke, yanatokea kwenye kitundu kidogo kiasi cha ncha ya sindano, yanachanganyika na hewa na kuwaka ndani ya kile kifuko cha nyuzi kinachong'aa. Kifuko chenyewe, ukishakiwasha mara ya kwanza, ni majivu matupu yaliyoshikamana. Ukikigusa kwa kidole kinabomoka. Masizi hujenga ndani ya bomba taratibu. Ngozi ya pampu hukauka ikikosa mafuta. Kuna valvu chini ya pampu ambayo ikichoka, mafuta hurudi yanakotoka. Anayeisafisha huanza kwa kutoa upepo wote kabla ya kugusa kifuniko chochote, tena mbali na jiko, kisha hupanga vipande juu ya kitambaa kwa utaratibu ule ule alivyovitoa. Asiyevipanga ataujua mwisho wake.

Sasa kisa chenyewe. Kijana mmoja wa mtaa wetu alipewa karabai nne na mwenye chombo azisafishe kwao wakati wa mbalamwezi. Hakulipwa kwa kazi hiyo, ilihesabiwa kuwa sehemu ya uvuvi. Alipomaliza kuifunga ya tatu akaona pete moja ya mpira, ile mafundi wanayoiita washa, imebaki kitambaani. Akaijaza taa upepo, akaiwasha. Ikawaka vizuri kabisa. Ya nne ilikuwa bado inamngoja, na asubuhi alitakiwa shambani kwa mama yake.

Akamwendea mzee mmoja jirani, mvuvi wa miaka mingi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona usiku?"

Akaeleza. Akasema taa inawaka, na pengine ile pete haina kazi. Mzee akauliza jambo moja tu: kwenye chombo kile, huwa nani anakaa karibu na taa ya tatu? Kijana akataja jina la mwenzake. Mzee hakuongeza neno, akarudi kwenye uji wake.

Kijana akaifungua taa tena. Akakuta kila kitu kiko mahali pake. Pale pampu inapokutana na tangi palikuwa na pete nzima, nzuri. Ile iliyobaki ilikuwa pete ya zamani, iliyosagika, ambayo fundi fulani wa huko nyuma aliiacha imegandamana kwa uchafu chini ya ile mpya, na kusafisha ndiko kulikoibandua. Kwa maneno mengine alifungua taa bure, na saa nzima ya usingizi ikaenda.

Kisa hiki nimewahi kukisimulia kwenye jumuiya yetu, na mama mmoja akasema wazi kwamba haoni funzo, kwa kuwa taa ilikuwa nzima tangu mwanzo. Ninamshukuru, maana alisema wengi walichokuwa wakikifikiri. Tumezoea shuhuda ambazo mwisho wake unamtetea mtu: aliamka usiku, akasikia sauti, akakagua, akakuta hatari, akaokoka. Kisa cha kijana hakina hayo. Ningependa kusema kwamba kwa sababu hiyo kina faida zaidi. Alipoishika ile pete hakujua. Alichokuwa nacho mkononi ni shaka yenye sababu, juu ya kitu ambacho kingekaa karibu na mwili wa mwenzake katikati ya ziwa, usiku, kikiwa na moto juu na mafuta chini. Kama wajibu wetu ungepimwa kwa kilichokutwa baadaye, basi mzembe mwenye bahati angekuwa mwenye haki, na mwangalifu aliyekuta taa nzima angekuwa mjinga. Sidhani kama Mungu anahukumu hivyo. Hata sisi wenyewe hatuhukumu hivyo tunapowachagulia watoto wetu dereva.

Mahubiri mengi hapa yangekimbilia kusema kwamba karabai ni moyo wa mwanadamu na masizi ni dhambi. Sina ugomvi na mfano huo, lakini ninaona tunaukimbilia kwa sababu ni rahisi. Ukishaifanya taa kuwa moyo wako, unabaki peke yako na moyo wako, na yule anayekaa karibu na taa ya tatu ametoweka. Tena huenda mtu huyo si wa kanisa letu. Vyombo vya mwambao huu huchukua Wakristo na Waislamu katika mbao zilezile, na mwanga unaosafishwa na mmoja unawaangazia wote. Mzee hakuuliza habari za moyo, aliuliza nani anakaa pale.

Maandiko yenyewe hayaoni aibu kutaja kazi ya kutengeneza vyombo. Marko 1:19 inatuonyesha Yakobo na Yohana wakiwa chomboni wanatengeneza nyavu, wakati Bwana anapopita. Neno la Kigiriki lililotumika pale kwa kutengeneza nyavu ndilo Paulo anatumia katika Wagalatia 6:1 anapofundisha namna ya kumrudisha ndugu aliyeanguka, kwa upole. Na mstari unaofuata katika Marko unataja jambo tunalolipita haraka: wale ndugu wawili waliondoka, lakini Zebedayo alibaki chomboni pamoja na watu wa mshahara. Nyavu zile hazikujitengeneza. Watu ambao majina yao hatukupewa waliendelea kushona, na nina hakika watu kando ya bahari ile walikula samaki jioni.

Kuna ndugu wanaosema kwamba kukagua mno ni kukosa imani, kwamba ukishaomba mwaloni kabla ya kushusha chombo, yatosha. Nimewasikia na ninaheshimu maombi yao. Lakini anayeomba ulinzi juu ya taa aliyoikwepa anamwomba Mungu afanye kazi aliyopewa yeye. Zaidi ya hapo, anawaomba wenzake wabebe hatari ambayo hawakuulizwa. Upo pia ugonjwa wa upande wa pili, nao niutaje: mtu anayefungua taa mara tano kwa hofu, asiyeweza kulala, asiyemwamini fundi yeyote aliyemtangulia. Huyo naye anahitaji kusikia kwamba halindi ziwa peke yake. Kijana wetu alifungua mara moja, kwa sababu iliyo mkononi mwake, akafunga, akaendelea na ya nne. Hapo ndipo ninapoona imani, kwamba alipoona yote ni sawa aliweza kuiacha.

Lakini sitakuwa mkweli nikiishia kwa kijana. Luka 16 ina lile swali la Bwana juu ya uaminifu katika mali ya mtu mwingine, nasi viongozi tunalipenda sana tunapozungumza na vibarua. Tunalipenda kidogo tunapozungumza na wenye vyombo. Usiku wa uvuvi unapokwisha, hutolewa gharama za mafuta na chakula, na kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Saa za uani hazimo katika mgawo huo. Pete ya mpira ni kitu cha bei ndogo, na bado wapo wenye mali ambao huambiwa mara tatu kwamba imechoka wakajibu kwamba ivumiliwe hadi giza lijalo. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, ana maneno makali juu ya ujira uliozuiliwa. Kumdai mtu uaminifu huku ukimnyima kifaa cha kuwa mwaminifu nacho ni kumwekea mtego, na kanisa likihubiri upande mmoja tu litakuwa limeushika mtego huo kwa niaba ya mwenye mali.

Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wetu kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa nyumba nyingi ilikuwa miezi ya dhiki, sitaki kuipamba. Vifaa vilikaa nyumbani muda mrefu kuliko mbalamwezi yoyote, na hapo ndipo nilipoona jinsi karabai zilivyobaki chache. Vipe vingi sasa hutumia taa za betri, nyingine zikichajiwa kwa jua. Hazina pampu, hazina masizi, na nyingi zimefungwa zisifunguliwe kabisa, ikifa, imekufa.

Nilimwuliza yule mzee kama kazi ya uani basi imekwisha. Akasema imehamia mdomoni. Siku hizi, kabla chombo hakijaondoka mwaloni, nahodha humwuliza kijana: betri umezichaji zikajaa? Kijana hujibu: zimejaa. Hakuna wa kuzifungua aone, na jibu lenyewe litajulikana saa nane za usiku, wakiwa mbali na nchi kavu.