Kabla Hajatokea wa Kumkamua



Kijana mwenzangu, kusini mwa milima ya Schwarzwald, Ujerumani, kuna ng'ombe wa asili anaitwa Hinterwälder. Ni kati ya ng'ombe wadogo kabisa wa Ulaya: jike mzima ana uzito wa kilo 400 hivi. Kwa maziwa hamfikii hata kidogo ng'ombe wa kisasa kama Holstein. Wafugaji wengi wakamwacha, na leo ni mbegu iliyo hatarini kutoweka.

Sasa jiulize: mnyama asiyelipa akipotea, kuna ubaya gani?

Tusijibu haraka. Mfugaji anayedaiwa ada za watoto hatendi dhambi akitafuta maziwa mengi. Katekisimu yenyewe (na. 2418) inatuonya tusitumie kwa wanyama fedha iliyopaswa kuwaondolea watu taabu. Ng'ombe siyo sawa na mtu.

Shida ni kipimo. Ukipima kwa lita tu, huoni kwamba ng'ombe huyu mwepesi hupanda mteremko mkali bila kuharibu udongo kama ng'ombe mzito. Lakini hata hiyo bado ni faida, si ndiyo? Mtakatifu Thoma wa Akwino anakwenda mbali zaidi. Anasema Mungu aliumba viumbe vya namna nyingi kwa sababu kiumbe kimoja hakitoshi kuonyesha wema wake. Kweli, hakuwa anazungumzia mbegu za ng'ombe, ila hoja yake inatugusa: wema wa kiumbe hauanzii kwenye matumizi yetu. Soma Mwanzo 1:25. Mungu aliona wanyama wa kufugwa kuwa ni wema wakati binadamu bado hajaumbwa, yaani kabla hajatokea wa kuwakamua!

Juzi kijana mmoja, kamaliza chuo na hana kazi, aliniuliza: "Frateri, mimi pale nyumbani nina faida gani?" Nikababaika, nikaanza kumtajia kozi za ujasiriamali. Nilikosea. Nilimjibu kwa kipimo kilekile kilichomuumiza.

Kazi atafute, ndiyo. Lakini kama ng'ombe alikuwa mwema kabla ya kukamuliwa, je, wewe uliyeumbwa kwa mfano wa Mungu?

Wiki hii, keti na mtu mmoja nyumbani ambaye "haleti kitu": bibi, au ndugu aliye mgonjwa. Usimfanyie mradi. Keti naye tu.

Ee Bwana, utufundishe kuona kama unavyoona wewe. Amina.