Santuri za Marehemu: Haki Kwanza, Kisha Hukumu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, kuanzia Tiwi na Diani hata Msambweni na Vanga, tumeletewa suala ambalo wengi walidhani ni jepesi. Mzee mmoja wa pwani yetu hii ya kusini amefariki, akaacha gramafoni na kasha la santuri za kale. Mna nyimbo za Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri. Mna za Umm Kulthum wa Misri. Tena mna usomaji wa Sheikh Mahmud Khalil al-Husari, ambaye ndiye aliyesoma Qurani nzima iliyotolewa kwa santuri mara ya kwanza, mwaka 1961. Wazazi wa mzee walitangulia. Waliobaki ni mjane wake, mwana mmoja wa kiume, binti wawili ambao mmoja hajabaleghe, na mpwawe, mwana wa dadake. Je, santuri hizi zifanyweje?

Kila mmoja alikuwa na jawabu lake. Mpwa alisema ni zake, kwa desturi ya wazee wa Kidigo ya mjomba kurithiwa na mwana wa dadake. Mwana wa kiume, ambaye ni mwenzetu katika darasa, alisema nyimbo ni haramu, basi zivunjwe. Wanawake hawakuulizwa.

Yatupasa tuseme kweli, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu. Mwenzetu alipotueleza nia yake baada ya sala ya Isha, tulimsifu, wala hapana hata mmoja wetu aliyemwuliza kama baba ameacha deni. Akarudi nyumbani, akazivunja kumi na mbili uani. Mamake akatoka, akavitazama vile vipande, akamwambia: "Mwanangu, mahari yangu sijalipwa."

Nayo ni kweli. Mashahidi wa nikaha ile wako hai. Basi kile tulichokisifu kuwa ni bidii ya dini kilikuwa ni kuvunja mali ya mjane na yatima.

Ndugu zetu, sharia haikutuacha gizani. Mtu akifa, mali yake hutoka kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawane. Katika Sura ya An-Nisaa Mwenyezi Mungu ametaja mafungu ya wanaume na ya wanawake, ikiwa mali ni chache au nyingi, na akakariri kuwa mgao ni baada ya wasia na deni. Na mahari yasiyolipwa ni deni kama deni la dukani. Mwanamke haombi hisani anapoyadai.

Likiisha deni, kilichobaki kikifanywa mafungu 32, mjane ana 4, mwana wa kiume ana 14, na kila binti ana 7. Mpwa harithi hapa, maana mwana wa kiume yuko. Walakini kwa kuwa si mrithi, mjomba angeweza kumwusia. Naye anasema yuko aliyesikia mjomba akimwahidi gramafoni. Hilo si la kuamuliwa kwa sauti kubwa kibarazani, ni la kupelekwa kwa kadhi, ambaye hata Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imemtambua katika mirathi ya Waislamu.

Huenda mtu akasema: "Kwani lililo haramu lina thamani?" Sisi hatusemi kila wimbo ni halali. Wimbo wa kusifu ulevi na uchafu hatuutaki majumbani mwetu. Lakini wanazuoni wamekhitalifiana. Ibn Hazm wa Andalusi, aliyefariki 1064, aliruhusu. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, alipima kwa yanayosemwa na yanayoamshwa moyoni. Na Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, alikuwa mkali juu ya ala za nyuzi. Hata huyo mkali, katika Minhaj ambayo madarasa yetu ya Kishafi huitegemea, hakuona sawa ala ya upuuzi ivunjwe ovyo. Ameona ifumuliwe, ili mti wake ubaki mti. Ikiwa mti wa zeze una heshima yake, itakuwaje mtu avunje mali ya wengine, katika jambo lenye khitilafu, bila ya idhini yao?

Tena santuri ni chombo tu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitumia kalamu na mtambo wa chapa kutoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na mtambo ule ule huchapa upuuzi pia. Chombo hakina dhambi. Dhambi ni ya mwenye kukitumia vibaya.

Basi ushauri wetu ni huu. Santuri zilizobaki ziandikwe moja moja, zithaminiwe na mjuzi, na mjane alipwe. Hata kidogo zisianikwe juani wala kulundikwa, maana zile za kale hupindika kwa joto na huvunjika kama kigae. Za Qurani wakizitaka warithi wazihesabu katika mafungu yao. Anayechukia nyimbo achukue fungu lake kwa kitu kingine. Na wakipenda kuzitoa wakfu au kuzipeleka penye kuhifadhiwa, watoe za kwao. Fungu la yatima halitolewi sadaka na mtu yeyote, hata kwa nia njema.

Mwenzetu amekubali kulipa thamani ya zile kumi na mbili kutoka fungu lake. Nasi tuliomsifu usiku ule tumechanga pamoja naye, maana ulimi uliosukuma una sehemu yake katika mkono uliovunja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, amhifadhi mjane wake na yatima wake, na atujaalie tuanze kurekebisha nafsi zetu kabla ya kuyagusa makasha ya watu. Amin.