Mgeni wa Saa Sita

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyosema wahenga, wala hawakukosea. Lakini wahenga hao hao waliongeza: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Je, mgeni akaaye saa sita tu, akaondoka kabla jembe halijatafutwa, tumhesabu vipi?

Swali hili si la mchezo katika kisiwa cha Santorini, Ugiriki. Wenyeji wake ni kama 15,000. Mwaka 2019 uliwekwa ukomo wa abiria 8,000 wa meli za kitalii kwa siku; hata hivyo, siku moja ya Julai 2024 walifika takriban 11,000. Hupanda mjini, hutazama bahari, huonja mvinyo wa zabibu ziitwazo Assyrtiko, kisha hurudi melini.

Mvinyo huo umetoka jasho. Mvua kisiwani ni haba na upepo ni mkali. Basi mkulima huisokota mizabibu chini kwa chini mfano wa kikapu, zabibu zikajificha ndani yake, na ukungu utokao baharini huipa unyevu. Leo hii kiwanja cha hoteli huweza kumlipa mwenye shamba kuliko mavuno ya miaka mingi, na mashamba yamezidi kupungua.

Nani mwenye kosa? Mgeni amelipa nauli yake. Mkulima ameuza mali yake. Mwenye meli ana kibali. Ukiwahoji mmoja mmoja, kila mtu ana haki yake. Lakini haki hizo zikijumlishwa, hung'oa mzabibu ule ule uliowavuta wageni.

Kosa, naona, ni kudhani kuwa aliyelipa hadaiwi. Kununua bilauri ya mvinyo ni biashara. Ugeni ni dhamana. Tangu Julai 2025 Ugiriki inamtoza abiria wa meli anayeshuka Santorini yuro 20 katika msimu wa wageni wengi. Si vibaya, ila fedha haisokoti mzabibu. Jembe la mgeni wa saa sita ni kujizuia: kungoja zamu, na pengine kukubali kutofika kabisa.

Mwenyeji naye ana jembe lake, nalo ni kusema "basi" wakati mfuko ungali unajaa. Hilo ndilo zito zaidi. Sisi wa Unguja na Mombasa, ambao meli za namna hiyo hutia nanga kwetu pia, yafaa tujipime nalo mapema.