Mng'aro wa Jiwe na Ukweli wa Muuzaji

Kung'arisha jiwe ni kulipunguza. Yakuti inayotoka kwenye changarawe za mto Muhuwesi wilayani Tunduru, ambako wachimbaji wamekuwa wakichekecha mchanga tangu katikati ya miaka ya 1990, huja imeviringwa na maji na uso wake umefifia kama kipande cha chupa kilichosuguliwa ufukweni. Mkataji huibandika kwenye ncha ya kijiti kwa nta ya moto, huigusisha kwenye sahani inayozunguka yenye unga wa almasi, huitazama kwenye mwanga, kisha huirudisha. Kazi inapokwisha, mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito imekwenda na tope la sahani. Swali linalobaki ni zito kuliko jiwe lenyewe: mng'aro huo ulikuwemo tangu mwanzo, au umetengenezwa na mkono wa mtu?

Fundi wa chuma hulijua swali hili kwa njia yake. Msasa mwingi wa kusugulia chuma una punje za korundi, madini yaleyale ambayo yakiwa safi na yenye rangi huitwa yakuti. Bastola ya chuma kisichoshika kutu ikipigwa msasa kwenye kingo zinazokwaruza mkono, chini ya uso hutokea chuma kilekile, na kromiamu iliyomo ndani yake hukutana na hewa na kujenga upya utando unaozuia kutu. Bastola iliyopakwa nikeli haivumilii hivyo. Ikisuguliwa sana, nikeli huisha na metali nyingine hujitokeza. Msasa basi hufichua kama kitu ni kimoja nje na ndani, au kimevaa.

Kuhusu kuchonga jiwe, Taurati ina amri mbili ambazo kwa mtazamo wa haraka hazipatani. Kitabu cha Kutoka, sura ya 20, kinakataza kuchonga mawe ya madhabahu, kwa kuwa chombo cha kuchongea huyatia unajisi. Sura ya 28 ya kitabu hichohicho inaagiza mawe 12 ya thamani yachorwe majina na kuwekwa kifuani mwa kuhani. Walimu wa Kiyahudi walieleza katazo la kwanza hivi: chuma hufupisha maisha ya mtu, na madhabahu huyarefusha. Ni maelezo yenye uzito, hasa chuma hicho kinapokuwa silaha. Ubaya haukuwa katika ulaini wa jiwe.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliufananisha moyo na kioo kinachoshikwa na kutu ya dhambi na kusafishwa kwa kumkumbuka Mungu. Kwake yeye kusafisha hakuongezi kitu, huondoa kilichozuia. Mkataji wa vito angekubaliana naye kwa sehemu tu. Mwanga umo katika uwezo wa yakuti, lakini pembe zinazourudisha machoni huamuliwa na mtu, na mkataji mbaya huliua jiwe zuri. Uumbaji na kazi hapo haviwezi kutenganishwa, na hakuna sababu ya kulazimisha vitengane.

Tatizo la kweli huanza pale kinapoongezwa kitu. Mwanzoni mwa 2002 wafanyabiashara wa Marekani walitahadharishwa kuhusu yakuti za rangi ya chungwa na waridi zilizokuwa zikifurika sokoni kutoka Thailand. Mawe ghafi yalitoka Madagaska na Songea. Yalichomwa kwenye joto la takriban sentigredi 1,800 pamoja na krisoberili, jiwe ambalo Tunduru nayo inalo. Beriliamu iliyomo ndani yake ilipenya kwenye yakuti na kubadili rangi. Katika mengine ilifika hadi kiini. Katika mengine ilibaki ukanda karibu na uso, na kuyang'arisha upya kungeuondoa. Macho hayakutosha kuitambua. Ilibidi maabara zipime kiasi kidogo mno cha beriliamu.

Kuchoma jiwe si dhambi, kama ambavyo kupika si dhambi. Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim inasimulia kuwa Mtume alipita kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji alisema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Mvua haikulaumiwa, kilicholaumiwa ni nafaka kavu iliyowekwa juu ya ile iliyolowa.

Kwa sababu hiyo fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, humpa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa akikuta kasoro iliyokuwepo kabla ya mauzo na ambayo hakuijua. Katika biashara ya vito haki hiyo hupata shida, kwani jiwe hupita mkononi mwa mchimbaji, dalali, tajiri, mchomaji, mkataji na sonara. Mchimbaji wa Muhuwesi aliyeuza jiwe ghafi kama alivyolitoa hana deni hapo. Mchomaji anayo yote ya kusema, na kila anayepokea jiwe pamoja na habari yake hupokea wajibu wa kuifikisha habari hiyo kwa anayefuata. Akinyamaza mmoja katikati, walio baada yake wanauza wasichokijua, nao hawana hatia mpaka wajue.