Unakwenda kwa Nani?

Swali lililonikera lina maneno matatu: "Unakwenda kwa nani?" Niliulizwa na ofisa wa mpaka mmoja ambao sitautaja, nikiwa na begi mgongoni, pasipoti halali, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na fedha za kunifikisha Lusaka, Livingstone hadi Windhoek. Nilipojibu kwamba siendi kwa mtu, natembea tu, niliambiwa nikae pembeni. Kijana wa Kizungu aliyekuwa nyuma yangu, mwenye begi kubwa kuliko langu na ratiba isiyoeleweka kuliko yangu, aligongewa muhuri akaenda zake. Mimi niliruhusiwa jioni, basi likiwa limeshaondoka.

Uhuru wa kusafiri tunaufahamu, sitapoteza wino kuufafanua. Kifungu cha 13 cha Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la 1948 kinampa kila mtu haki ya kutoka nchi yoyote, ikiwemo yake mwenyewe, na kurejea kwao. Juu ya haki ya kuingia nchi ya wengine, kifungu kimenyamaza. Ruhusa ya kutoka unayo, lakini hakuna anayewajibika kukupokea. Ofisa wangu alikuwa amesimama katikati ya pengo hilo, akidai sababu.

Serikali ina haki ya kujua nani anaingia nchini, nakubali. Mwanamke anayesafiri peke yake ana hatari zake, nakubali pia. Hizo ni hoja za watu wenye akili, na nazipita.

Isiyopitika ni hoja ya mjomba wangu. Niliposimulia mkasa huu nyumbani, alimtetea ofisa. "Mama," akaniambia, "kuzurura nchi za watu bila shughuli ni mambo ya Wazungu. Wale wameshiba. Sisi mtu akifunga mzigo ana jambo: msiba, harusi, biashara, mgonjwa." Sebule nzima ikacheka, nikakosa usingizi.

Mjomba anapenda historia, basi tuanzie huko. Msafiri Ibn Battuta aliondoka Tangier mwaka 1325 akiwa na jambo, tena jambo zito: hija. Lakini mwaka 1331 tunamkuta Mombasa na Kilwa, na baadaye India. Sababu yake ilitimia Makka. Safari ikaendelea zaidi ya miaka 20. Naye hakuwa Mzungu.

Tuje karibu. Kijana wa mtaani kwetu akidandia lori kwenda Lubumbashi, hajui atalala wapi wala atafanya nini. Mjomba huyuhuyu humpa nauli na kumwombea dua. Kumbe kutojua uendako hakumsumbui hata kidogo. Linalomsumbua ni kwamba yule anatarajiwa kutuma fedha, na mimi nitarudi na nguo chafu na hadithi. Basi aseme hivyo: safari isiyotuletea kitu hatuiruhusu. Hapo tutabishana juu ya faida, na Uafrika wangu autoe mdomoni.

Au tumchukue Tété-Michel Kpomassie, mtu ambaye siwezi kuandika juu ya safari bila kumtaja. Kijana huyu wa Togo aliangukia kitabu kuhusu Greenland katika duka moja mjini Lomé, wakati wazee wakitaka kumkabidhi kwa makuhani wa chatu. Alitoroka peke yake. Alipanda nchi kwa nchi, Ghana, Senegal, akifanya kazi za hapa na pale, akavuka hadi Ufaransa na Denmark, na mwaka 1965 akashuka kusini mwa Greenland, ambako watoto walimkodolea macho kwa urefu wake na weusi wake. Huko hakuwa na ndugu wala bidhaa ya kuuza. Akazidi kwenda kaskazini hadi Upernavik, akala walichokula wenyeji, akavua nao samaki chini ya barafu. Mwaka 1981 kitabu chake kikatoka. Sasa mjomba anieleze: Kpomassie alikwenda kwa nani?

Nadhani alikwenda kwa watu ambao walikuwa hawajawa wake. Hapa ndipo hoja ya mjomba inapovaa joho la falsafa, maana mwanafalsafa John Mbiti alifundisha kwamba mtu wa Afrika yupo kwa sababu jamii yake ipo. Silikatai hilo. Ila anayesafiri peke yake hutegemea watu kuliko yeyote: wa kumlindia begi akienda msalani, wa kumwambia daladala ipi apande, wa kumwonya kuhusu mtaa fulani. Huko wote ni wageni kwake, na hakuna anayemdai au kudaiwa naye. Kama utu wetu unaishia kwa wanaojua jina la baba yangu, basi huo ni ukoo tu, na tusiuite falsafa.

Ningependa kuishia hapo nikiwa mshindi. Lakini kuna Waethiopia wanaokamatwa Tanzania wakielekea Afrika Kusini. Juni 2012, zaidi ya 40 walikutwa wamekufa mkoani Dodoma, baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Hao sababu walikuwa nayo, nzito kuliko hija. Wangeulizwa wanakwenda kwa nani, wengine wangetaja ndugu na mtaa. Wanaonaswa hai hupelekwa mahakamani na wengi hufungwa.

Basi ofisa hatafuti sababu. Asiye na sababu anawekwa pembeni, mwenye sababu kubwa mno anafungwa, na anayepita bila swali ni yule anayeonekana hatahitaji kitu. Hilo linanipa haki ya kukasirika. Lakini linanipokonya pia, kwa kuwa mimi nilikosa basi, na wao walikosa pumzi. Nikidai haki ya kutembea bila jambo kabla wao hawajapata haki ya kutembea kwa jambo, mjomba atasema ndiyo hasa aliyoyasema: nimeshiba. Na nikisubiri wao wapate kwanza, sioni ni nani katika foleni ile atakayeanza kudai.